Mama Stellah Anapunguza Mawazo

Mwaka aliostaafu Hyasinta, mambo yalimjia kwa mkupuo kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Kwanza alikabidhi funguo za kabati la dawa katika kituo cha afya alichofanyia kazi ya unesi tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Keki ya kumuaga haijaisha kwenye friji, mwanawe wa pekee, Stellah, akaolewa na kuhamia Songea, mbali kiasi kwamba hata sauti yake kwenye simu ilisikika imechoka na safari. Halafu mwenye nyumba ya Kitaji, pale Musoma mjini, akasema anaitaka nyumba yake amuingize kijana wake. Basi vitu vikapakiwa kwenye Fuso: makabati, magodoro, masufuria, na majogoo wawili wenye hasira. Safari ikawa Butiama, kwenye nyumba ambayo Hyasinta na mumewe walikuwa wameijenga polepole kwa ajili ya uzee.

Hayo yote angeyamudu. Lililomshinda lilikuwa mume.

Apolinary hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kasoro moja tu: alikuwepo. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa fundi wa vyumba vya baridi katika kiwanda cha minofu ya samaki Mwanza, na nyumbani alikuja mara moja kwa mwezi. Alifika Jumamosi na mikate, akalala, akaenda kanisani akiwa amependeza, akala kuku, akarudi kazini. Hyasinta alikuwa akiwatambia wenzake kwamba tangu aolewe hajawahi kugombana na mumewe. Ilikuwa kweli. Hawakuwahi kupata muda.

Sasa naye alikuwa amestaafu, mwaka uleule, na akaja na begi lake na redio yake. Jumatatu alikuwepo. Jumanne, Hyasinta alipoamka, bado alikuwepo. Jumatano alikuwa jikoni akiuliza kwa nini vijiko vinakaa upande wa kushoto.

Na alikuwa na ugonjwa wa milango. Kiwandani, mlango wa chumba cha baridi ukiachwa wazi, samaki wanaharibika na mtu anafukuzwa kazi. Kwa hiyo Apolinary hakuweza kuona mlango ulio wazi akaupita. Aliufunga, akausukuma kuhakikisha, akaupigapiga kidogo kwa kiganja kama anayempongeza mtoto. Alifunga mlango wa sebule, wa jikoni, wa banda, hata wa choo ambacho mgeni alikuwa ndani. Nyumba ilikuwa na bati jipya na jua la Butiama halina mchezo. Hyasinta akifungua dirisha ili apate hewa, anageuka tu, anasikia *kap!* limefungwa.

"Baba Stellah, tutaiva humu kama viazi!"

"Vumbi, Mama Stellah. Vumbi linaingia."

"Liingie! Lina ubaya gani? Ni la kwetu!"

Alikuwa akifungua, mume akifunga, hadi wakawa wanapishana kwenye korido bila kusalimiana kama askari wa zamu mbili tofauti. Hyasinta akaacha kulala. Akawa anatia chumvi kwenye chai. Siku moja alijikuta amesimama katikati ya chumba na ufagio mkononi, analia kwa sababu jogoo amemwangalia vibaya.

Ndipo akapanda gari kwenda Musoma, kwenye kituo chake cha zamani, kupima presha.

Aliyempokea alikuwa Rhobi, nesi mdogo ambaye Hyasinta mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufunga bandeji. Rhobi alimvisha mkanda wa mashine mkononi, akapampu, akasikiliza, akakunja uso. Akapampu tena.

"Sista, hii presha si ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Hii ni ya mtu anayekimbizwa na fahali."

"Najua. Nipe dawa."

"Dawa nitakupa. Ila inabidi upunguze mawazo."

Hyasinta alimtazama. Sentensi hiyo aliijua vizuri. Alikuwa amewaambia maneno hayo wavuvi, wakulima, wajane, maharusi na polisi, kisha akaita, "Anayefuata!" Hakuwahi kurudiwa na mtu na swali ambalo sasa lilimtoka yeye.

"Nayapunguzaje?"

Rhobi akababaika. "Eeh... unayapunguza tu, Sista."

"Kwa kufanya nini? Nayamwaga? Nayachuja?"

"Si wewe ndiye ulikuwaga unatuambia tuwaambie hivyo wagonjwa?"

"Basi mtafute aliyeniambia mimi, aje anieleze!"

Alitoka na vidonge vyake kwenye bahasha ya khaki, na badala ya kurudi Butiama moja kwa moja, akampigia mdogo wake Wankyo, aliyekuwa na saluni Bunda. Wankyo alikuwa mwanamke wa maneno mengi na vidole vyepesi. Angeweza kusuka kichwa kizima akiwa anagombana na watu wawili kwenye simu.

"Dada, njoo Bunda ukae kwangu," akasema. "Utakula, utalala, nitakusuka rasta."

"Nikija kwako, nyumba nani atafungua madirisha?"

"Sasa unamkimbia shemeji au unamuonea huruma?"

Alirudi kwake.

Kesho yake, baada ya chai, alikwenda stoo kutafuta sufuria lake kubwa ambalo hakuwa ameliona tangu siku ya Fuso. Stoo ilikuwa chumba kidogo cha peke yake nyuma ya nyumba, chenye mlango wa chuma na komeo kwa nje. Dirisha halikuwepo, matundu ya hewa tu juu ya ukuta. Maboksi yaliyotoka Kitaji yalikuwa yamepangwa mle hadi karibu na bati, na godoro la zamani la Stellah lilikuwa limekunjwa pembeni. Aliacha mlango wazi ili apate mwanga, akapenya nyuma ya maboksi, akaanza kuchakura.

Akasikia viatu vya ndara vikikokota. Akasikia, *kap*. Akasikia komeo likiingia. Kisha kiganja kikapiga chuma mara mbili, kwa upole kabisa.

"Ba—" Hyasinta alianza kuita.

Akanyamaza.

Kulikuwa kimya. Si kimya cha usiku, ambacho kilikuwa na mumewe ndani yake akijigeuzageuza. Kilikuwa kimya kamili, chenye giza la baridi na harufu ya maboksi. Hakuna aliyeuliza kuhusu vijiko. Hakuna redio. Mlango ulikuwa umefungwa, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Butiama, kuufungua hakukuwa juu yake.

"Ngoja nikae dakika tu," akajisemea. Akalikunjua godoro, akakaa. Baada ya kidogo akavua viatu.

Simu yake alikuwa ameiacha jikoni inachaji. Ililia, ikalia tena. Kupitia matundu ya hewa alimsikia mumewe akiita, kwanza kwa sauti ya bwana wa nyumba: "Mama Stellah! Simu!" Halafu, kutoka upande wa banda: "Mama Stellah?" Halafu, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia: "Hyasinta?"

Hapo angeitika. Alifungua mdomo kabisa. Lakini Apolinary alikuwa tayari amepokea ile simu.

"Shemeji Wankyo? Hayupo. Sijui... Amekunywa chai, kikombe kiko hapa. Nimemtafuta. Viatu vyake vya kutokea vipo, mkoba upo. Hapana, hatujagombana. Tumegombana kidogo. Kuhusu dirisha."

Hyasinta alisikia kelele ya Wankyo ikitoka kwenye simu mpaka stoo, ingawa maneno hayakuwa wazi. Hayakuhitaji kuwa wazi.

Sasa, aibu ina tabia yake. Kama angeita mara ya kwanza, ingekuwa mchezo. Baada ya mumewe kuzunguka nyumba mara kadhaa, ilikuwa vigumu kidogo. Na Bernado alipofika, ilikuwa haiwezekani tena. Bernado alikuwa jirani wa upande wa chini, mtu wa maoni.

"Hayupo?" akauliza Bernado, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Ndugu yangu, wanawake wakistaafu huwaga wanaondoka. Kuna mmoja kule Suguti, alimaliza kazi Ijumaa, Jumamosi akapotea. Wakaja kumkuta Tarime ana duka."

"Mke wangu hana duka Tarime."

"Hata yule mumewe alisemaga hivyohivyo."

Hyasinta, juu ya godoro, aliuma kanga asicheke. Mara akasikia watu wengine: akina mama wa jumuiya, ambao walikuwa wamepita kuomba chumvi na wakageuka kikosi cha utafutaji. Mmoja alianzisha rozari. Mwingine alianzisha moto, kwa sababu watu wakikusanyika lazima wale. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mseti, alifika akasema watu wawili waende kuangalia kwenye bwawa la ng'ombe, na hapo Hyasinta akashtuka, akasimama wima. Mchezo wa bwawa haukumpendeza. Alikuwa ameshaukaribia mlango, mkono umeinuliwa agonge, gari likaunguruma uani.

Ilikuwa Wankyo. Alikuwa amekodi teksi kutoka Bunda, na hakuja peke yake. Aliposikia habari alikuwa katikati ya kumsuka mteja aitwaye Grace, na Grace alikataa katakata kuachwa na nusu ya kichwa. Kwa hiyo wakaja wote. Grace alishuka upande mmoja wa kichwa una rasta za kupendeza, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona nyoka. Akasalimia watu wote kwa adabu, akatafuta kigoda, akakaa akisubiri amaliziwe.

"Shemeji!" Wankyo alifoka. "Umemfanya nini dada yangu?"

"Sijamfanya kitu."

"Unamfungia mtu madirisha mchana kutwa, halafu hujamfanya kitu? Ananipigiaga simu analia! Ulijua analia?"

Hata rozari ilisimama.

"Sikujua," Apolinary alisema.

Walikuwa wamesimama karibu na ukuta wa stoo, hatua chache kutoka kwenye matundu ya hewa. Hyasinta alishusha mkono.

"Nafunga milango kwa sababu sijui kitu kingine cha kufanya," mumewe akaendelea, polepole, kama mtu anayefungua mashine asiyoijua. "Kule kiwandani, nikichelewa, kila mtu anauliza, Apolinary yuko wapi? Mitambo ikibadilisha sauti, naamka hata nikiwa usingizini. Hapa naamka nasikiliza, hakuna kinacholia. Nyumba hii inakwenda yenyewe. Yeye ndiye anajua kila kitu kilipo, anajua majirani, anajua hata kuku anaumwa nini. Mimi nakaa kama mgeni aliyesahau kuondoka. Nafunga mlango, basi angalau nimefanya kitu. Nikajua siku moja atachoka na mimi. Ila nilifikiri atasema kwanza."

Bernado, kwa mara ya kwanza katika historia ya kitongoji kile, hakuwa na maoni.

Hyasinta alirudi kwenye godoro, akakaa kwa kishindo. Alijisikia kitu fulani kimemfunguka chini ya mbavu, kama mshipi uliobana mtu aliyekula pilau. Kumbe mawazo yale alikuwa hayabebi peke yake. Walikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja na furushi lake, wakipishana koridoni. Angefikiri zaidi juu ya jambo hilo. Alinyoosha miguu kidogo ili afikiri vizuri. Aliegemeza kichwa.

Akalala fofofo.

Yaliyofuata alisimuliwa baadaye, na kila mmoja alimsimulia kivyake, lakini wote walikubaliana kwamba Wankyo alikuwa amekaa kumalizia msuko wa Grace, kwa sababu vidole vyake havijui kungoja bure, mara ukasikika mlio. Ulianza chini, ukapanda, ukakwama juu, ukashuka kwa mluzi.

"Nguruwe," alisema Bernado.

"Hakuna mwenye nguruwe hapa," alisema mzee Mseti.

Apolinary aliinamisha kichwa upande mmoja. Uso wake, ambao tangu asubuhi ulikuwa wa mfiwa, ukapata kazi. Aliinua kidole watu wanyamaze.

"Hiyo ni kompresa ya friji," akasema. "Kompresa ya zamani. Na bomba lake lina kizuizi."

"Kompresa ya wapi, shemeji?" Wankyo aliachia rasta. "Huyo ni dada! Nimelala naye chumba kimoja tangu utotoni, wewe unaniambia kompresa?"

Apolinary alifika kwenye mlango wa stoo kabla ya wote. Alivuta komeo. Alilitazama lile komeo, akautazama mkono wake, na watu waliokuwa karibu wanasema alizeeka na kurudi ujana hapohapo. Akafungua.

Hyasinta aliamshwa na mwanga mkali na nyuso zilizopangwa mlangoni kama picha ya harusi: mumewe, mdogo wake, mwenyekiti, Bernado, akina mama wa jumuiya na rozari zao, na mwanamke asiyemjua mwenye kichwa robo tatu.

"Fungeni huo mlango," akasema, akajigeuzia ukutani.

Kicheko kilichopasuka kilisikika mpaka barabarani. Wankyo alicheka akakaa chini. Halafu akalia, halafu akamgombeza dada yake kwa kumtisha, yote bila kuvuta pumzi. Akina mama wa jumuiya waliona kwamba chakula kimeshaiva, na kwamba maharage yaliyopikwa kwa ajili ya msiba yanalika vilevile kwa furaha. Watu wakala. Grace alimaliziwa kichwa chake, akapendeza, akasema hajawahi kusukwa vizuri namna ile na akaomba namba ya simu ya kila mtu.

Wageni walipotawanyika, jua likiwa bado juu, Hyasinta na mumewe walibaki barazani.

"Niliufunga mlango," alisema Apolinary. "Sikuangalia ndani."

"Najua."

"Kwa nini hukugonga?"

Hyasinta alifikiria kusema uongo, akaona uvivu. "Palikuwa pazuri."

Mume alipokea neno hilo kama mtu aliyepewa mzigo na hajui pa kuushikia.

"Na nilikusikia," Hyasinta akaongeza.

"Yote?"

"Yote. Mpaka hapo pa mgeni aliyesahau kuondoka."

Apolinary alijikuna shingo. "Hayo nilimwambia shemeji."

"Umemwambia shemeji mbele ya mwenyekiti, jumuiya nzima na Bernado, na mimi mkeo nimeyasikia kupitia kwenye tundu la panya. Baba Stellah, kesho uniambie mimi. Jikoni. Tukiwa tumekaa."

"Na wewe? Ukilia unampigia Bunda."

Hilo lilimpata sawasawa. "Nimesikia," akasema. "Nitalia hapahapa."

Hawakugeuka malaika. Kesho yake waligombana kuhusu vijiko, ila safari hii waligombana hadi mwisho, wakiwa wamekaa, na ikajulikana kwamba Apolinary anatumia mkono wa kulia na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wiki iliyofuata Wankyo alimwita shemeji yake Bunda atazame friji ya soda ya jirani wa saluni, iliyokuwa inapasha soda joto badala ya kuzipoza. Aliitengeneza. Kabla hajanawa mikono, mwenye bucha akamwita, na baada ya bucha, mwenye maziwa. Ikawa siku kadhaa za wiki anapanda gari asubuhi na begi la spana, anarudi jioni na habari, na Hyasinta, ambaye alikuwa na nyumba nzima peke yake mchana, alianza kujikuta saa kumi anachungulia barabarani, akajikemea. Yeye mwenyewe alianza kupokea wajawazito barazani siku za Alhamisi, kuwasikiliza tu na kuwashauri. Mtu akija na mawazo, hakumwambia ayapunguze. Alimwambia, "Haya, anza na la kwanza," akavuta kiti.

Mwezi ulipokwisha, walikwenda Musoma pamoja kupima. Rhobi alipampu, akasikiliza, akasema presha imeshuka, ingawa haijafika panapotakiwa, na vidonge viendelee. Halafu akamtazama Apolinary, akaomba na yeye akunje shati mkono mmoja. Yake ilikuwa juu kuliko ya mkewe ilivyowahi kuwa.

"Baba," Rhobi alianza kwa uangalifu, akimwangalia Hyasinta kwa jicho la pembeni, "inabidi... inabidi mkae mzungumze."

"Tunazungumza," alisema Apolinary. "Tumemaliza vijiko, sasa tuko kwenye mapazia."

Wakatoka, wakashuka mpaka mwaloni, kwenye soko la ufukweni, kununua samaki. Hapo ndipo Hyasinta alipogundua kwamba mumewe, aliyetunza samaki maisha yake yote, hakuwahi kumpika hata mmoja. Alikuwa amewajua kwa tani, wakiwa minofu, wameganda. Mbele ya sato mzima mwenye macho alisimama kama mtu aliyekutana na mkwe wake sokoni.

"Huyu unamwanzia wapi?" akanong'ona.

"Kwenye magamba. Nitakuonyesha."

Alimwonyesha, siku ileile, uani Butiama. Magamba yaliruka mpaka kwenye nyusi zake, Hyasinta akashika kisu akamwelekeza mkono, akauachia, akaushika tena. Samaki aliungua upande mmoja na upande wa pili akawa mbichi kidogo. Walimla hivyohivyo kwa ugali wa muhogo, wakimpitia katikati, na walipokuwa wanalamba vidole, Bernado akatokea kwenye kona ya nyumba, akanusa, akavuta kiti.

"Samaki huyu," akaanza, "kule Suguti huwaga wanampika—"

"Bernado," alisema Apolinary, akimsogezea kichwa cha samaki, "kula."